Mtoto Mmoja kwa Majina Matatu

Nimekosa, jamani! Wala simsingizii shetani. Siku zile kijijini kwetu Shumba shetani hakuwepo, nilikuwepo mimi na mizani yangu.

Nilikuwa msichana wa kwanza kijijini kuajiriwa na madaktari, na kichwa kilinivimba. Daktari mkubwa, Mzungu, alikuwa akichunguza watoto wachanga wa Pemba wanakuaje, na hapohapo akiwafundisha vijana wanaosomea udaktari. Kila Jumatano napita majumbani, namtia mtoto katika kitambaa, namtungika kwenye ndoana ya mizani, naandika uzito wake kwa ratili daftarini. Na koti jeupe nimepewa! Ukiniita jina langu tupu siitiki.

Basi dada yangu akajifungua. Nikenda na mizani yangu. Mama mkwe wake, Bi Mize, akakaa mlangoni akaujaza.

"Ntoto hajatimiza arubaini, wewe unataka kuntungika kama gunia la karafuu? Apigwe jicho?"

"Bibi, daktari anataka hesabu."

"Kama hesabu tu, kampime Khamisi. Huyo keshatoka ndani zamani."

Khamisi alikuwa mtoto wa jirani, miezi mitano, mashavu yamekaa mabegani. Nikacheka. Nikampima! Nikapunguza ratili nane ili afanane na mtoto mchanga, nikaandika jina la mtoto wa dada yangu. Wiki ya pili vilevile. Mabibi wa nyumba mbili nyingine zenye wachanga wakasikia, nao wakamtaka Khamisi. Uchunguzi wote wa Shumba ukawa ni mtoto mmoja anayejua kunyonya.

Wiki ya tatu dada akaniita kutoka ndani, sauti ndogo. "Mdogo wangu, naona kama hanenepi."

Nikamjibu nje ya pazia, mguu mmoja uko njiani: "Daftari linasema ananenepa."

Astaghfirullah! Ndivyo nilivyomwambia dada yangu!

Wiki ya nne akaja mmoja wa wale wanafunzi wa udaktari, kijana wa Wete. Anataka kumwona kwa macho yake huyu mtoto anayekua vizuri namna hii. Bi Mize akatoka na Khamisi, kamfunika kanga mpaka nyusi. Khamisi naye hana siri. Akamchekea kijana, meno mawili nje!

Kijana akanigeukia. "Huyu ana wiki nne?"

"Amewahi," nikasema.

Hakucheka. Akamwinamia Bi Mize. "Shikamoo, bibi. Nakuomba mtoto mwenyewe."

Bi Mize akamtazama usoni, akanyanyuka akaingia ndani. Akaletwa mtoto wa dada. Ngozi ya mapaja imelegea, macho yamezama, kulia hawezi. Ratili tano kasoro! Hakuwa akinyonya sawasawa tangu azaliwe, na mizani ingelisema tangu wiki ya pili. Dada akapita mbele yangu amembeba kwenda hospitali, wala hakunitazama.

Mtoto alipona, alhamdulillahi, baada ya kulazwa siku nyingi. Kurasa zangu zikapigwa mstari mwekundu, koti nikalivua mbele ya watu. Nililia kwa ajili ya lile koti, mjinga mimi.

Mwaka jana nami nikajifungua. Anayepima sasa ni dada yangu, kazi wamempa yeye. Huja kila Jumatano, na Bi Mize huyohuyo wa arubaini ndiye anayemshikia kitambaa! Dada hanisalimu. Humpima mwanangu, hunitajia ratili mara mbili ahakikishe nimesikia, kisha hutoka.

Nanyi mnaopewa daftari na koti, msinione mjinga mkacheka mkapita. Ingieni ndani mtazame. Pazia lile lilikuwa kitambaa tu, na dada yangu alikuwa nyuma yake ananiita.