Nyumba ya Mama Katika Makao Mengi

Mtu akiniuliza mbinguni kukoje, humwambia asome mwenyewe. Niliwahi kuona watu wazima wakielewa vibaya, na aliyeumia akawa mama yangu. Sisemi kwa uchungu, maana miaka imepita mingi. Ila sipendi maswali ya namna hiyo kutoka kwa watu walioshiba.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, katikati ya miaka ya hamsini. Tulikaa mlimani, juu ya Mbalizi, mahali ambapo asubuhi ukungu ukishuka huoni hata zizi la ng'ombe. Baba alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza, ambaye sote tulimwita mama mkubwa, alikuwa Msafwa wa palepale. Mama yangu alikuwa Mhehe aliyeolewa kutoka Iringa, na watu walikuwa hawaishi kumcheka kwa Kisafwa chake. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, mafiga yake na shamba lake la viazi. Milango ya nyumba hizo mbili ilitazamana, na uwanja uliokuwa katikati ndio tuliochezea. Baba hakuwa na nyumba. Juma hili alilala kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Kwetu hilo ndilo lililoitwa boma la mtu anayejiweza.

Wote watatu walijiandikisha darasa la ubatizo siku moja. Waliacha pombe ya ulezi, mitungi ikageuzwa ya maji, na kila Alhamisi wakitoka shambani walinawa miguu wakashuka kanisani. Aliyewafundisha alikuwa mwinjilisti kijana, amekulia misheni tangu mdogo. Sisi tulimwita Mwalimu. Mimi nilikaa nao kwenye benchi la nyuma kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniachia.

Alhamisi moja somo likawa juu ya mbinguni. Mwalimu alieleza habari za mji wa dhahabu wenye malango yasiyofungwa, mahali ambapo hakuna njaa wala kilio. Nilimwona baba akipiga miayo. Dhahabu ilikuwa ya nini kwake? Lakini Mwalimu aliposema kwamba kwa Baba kuna makao mengi, na kwamba Bwana alitangulia kuwaandalia watu wake mahali, baba alinyanyuka kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Hapo nimeelewa, Mwalimu," alisema. "Ni boma. Kuna Baba mwenye boma, na kila mmoja ana nyumba yake."

Darasa zima likaguna kukubali. Mwalimu naye, ambaye hakuwa amewahi kulala kwenye boma la wake wengi, akafurahi. "Vema sana, mzee," alisema. Hilo ndilo kosa lenyewe, na sijui mpaka leo nimlaumu nani.

Njiani kurudi walikuwa kama watoto walioahidiwa nguo za sikukuu.

"Mimi yangu iwe karibu na maji," mama mkubwa alisema. "Nimechoka kupanda mlima na mtungi kichwani."

"Na mimi, dada, yangu mlango wake utazame wako," mama alisema. "Moto ukinizimikia nije kuchukua kaa, kama sasa."

"Wewe! Hata mbinguni utaendelea kuniombaomba moto?"

Walicheka mpaka mama mkubwa akashika mti. Msidhani wake wenza hawa walipendana kila siku. Walinuniana kwa kuku, kwa kuni, kwa maneno ya watoto. Lakini tangu siku hiyo walikuwa wanazungumzia mbinguni kama watu wanaohamia pamoja.

Juma la mwisho kabla ya ubatizo, wazee wa kanisa wawili walikuja nyumbani pamoja na Mwalimu. Waliketi kwenye vigoda uwanjani, katikati ya milango ile miwili. Mzee mmojawapo akasema bila kuzunguka kwamba wanawake hawana shida, lakini mwanamume mwenye wake wawili habatizwi. Abaki na yule wa kwanza. Wa pili arudi kwao.

Baba akamgeukia Mwalimu. "Si ulisema vema? Si ulisema makao ni mengi?"

Mwalimu akatazama chini. Alikuwa ameshaelewa kilichotokea darasani, maskini. "Mzee, haikuwa maana yake hiyo," alisema.

Ndipo mama, ambaye alikuwa mlangoni pake na ungo wa maharage, akasema kwa ile sauti yake ya chini ya Kihehe. "Mwalimu, samahani. Ulitufundisha pia kwamba kule watu hawaoi wala hawaolewi."

"Ndivyo, mama."

"Basi mimi naachwa hapa ili mume wangu aingie mahali ambapo hakuna mke wa mtu?"

Loo! Nimeisoma Biblia yote mara mbili tangu siku hiyo, nikitafuta jibu la kumpa, na bado sina. Mwalimu alisema ni taratibu. Mzee wa kanisa alisema mwanamke huyu ana maneno. Mama mkubwa alikuja kumpokea mama ungo, maana maharage yalikuwa yanamwagika.

Baba alikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu alisema atabatizwa. Nilimchukia, nasema wazi. Nilimchukia kwa miaka minne.

Mama hakubatizwa pamoja nao, ingawa aliruhusiwa. Alifunga mizigo yake, akanishika mkono, tukapanda lori la viazi lililokuwa linakwenda Iringa. Makambako mvua ilitukuta tukajifunika turubai moja na magunia. Mama hakulia. Alisema jambo moja tu njia nzima, nalo lilikuwa juu ya nyumba. Kwao Iringa na kwa kina baba desturi ilikuwa moja: mke akiachwa, mafiga yake hung'olewa, na nyumba yake haiwashwi moto tena. Nyumba ya nyasi isiyopata moshi haichukui hata masika mawili. Paa huoza, mchwa hula nguzo, basi, imekwisha.

"Mwakani haitakuwepo," mama alisema. "Itakuwa kama sikukaa."

Kwa wajomba tulipokewa vizuri, sina neno. Lakini kila mwinjilisti wa huko, ambaye naye aliitwa Mwalimu, alipokuja kumhimiza mama aingie darasani, mama alimjibu vilevile. "Nimeshatolewa kwenye makao mengi mara moja, Mwalimu. Sitolewi tena." Kisha alimkaribisha togwa. Watu walisema ana moyo mgumu. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja najua haukuwa mgumu. Alikuwa anaogopa.

Mwaka wa nne baba alituma salamu kwamba anataka kuniona. Mama alinifungia mahindi ya kuchoma na akaniambia nisalimie vizuri. Nilikwenda na mjomba, nimenuna kutoka Iringa mpaka Mbalizi. Nilipanda mlima nimeshapanga maneno ya kumwambia baba, mengine ya matusi.

Nilipofika uwanjani maneno yakanipotea. Nyumba ya mama ilikuwa imesimama. Paa lilikuwa la nyasi mpya, za mwaka uleule. Kuta zilikuwa zimesiribwa udongo, na kutoka kwenye paa moshi mwembamba ulikuwa unapenya. Nikadhani baba ameoa mwingine. Mungu anisamehe, nilisukuma ule mlango kwa mguu.

Hakukuwa na mtu. Mafiga matatu ya mama yalikuwa mahali pake, na moto mdogo. Kitanda cha mianzi kilikuwa kitupu. Mama mkubwa akaja nyuma yangu akijifuta mikono.

"Nani anakaa humu?" nilimwuliza, hata salamu sikutoa.

"Hakai mtu."

"Sasa moto wa nini?"

"Jumamosi nawasha kidogo, nyasi zisioze. Nyasi anakata baba yako, anaezeka mwenyewe." Kisha akashusha sauti, maana baba sasa alikuwa mzee wa kanisa. "Wenzake walipomwuliza, alisema ni stoo ya mbegu za viazi. Mwongo mkubwa! Mbegu zote ziko kwangu, nalala nazo kama wajukuu."

Hapo nililia, tena kwa sauti. Baba alinikuta hivyo. Alikaa kizingitini kwa mama akanikatia muwa. Yale matusi sikuyatoa.

Niliporudi Iringa nilimkuta mama anachambua ulezi. Nilimwambia baba mzima, mama mkubwa mzima, ng'ombe wamezaa. Alikuwa anaitikia tu. Kisha nikamwambia nyumba yake ipo.

"Haiwezi kuwepo," alisema. "Nyumba isiyowashwa moto huoza."

"Inawashwa."

"Nani anawasha?"

"Mama mkubwa."

Aliweka ungo chini. Akaniuliza mlango umegeuzwa au la. Nikamwambia haujageuzwa, bado unatazama wa mwenzake.

Alhamisi iliyofuata mama alinawa miguu, akajifunga kitambaa cheupe, akaenda darasani. Nilimfuata nikakaa benchi la nyuma, mkubwa sasa, nikiona aibu. Mwinjilisti alifurahi kupita kiasi. Akamwuliza mbele ya watu wote ni andiko gani limemgeuza, hata akaamini leo kwamba mbinguni ana mahali.

"Si andiko, Mwalimu," mama alisema. "Kuna mtu ananiwashia moto."