Kitufe Kidogo, Mama

Mume wangu alipofunga choo cha vitufe viwili, mtaa mzima ulijua. Mgeni hakupewa chai kabla hajaonyeshwa choo. "Hiki kidogo ni cha haja ndogo, hiki kikubwa cha haja kubwa. Maji yanabaki tangini." Na majirani wakampa hongera. Hongera ya choo, jamani!

Mimi sina ugomvi na kubana maji. Bomba letu linatoka siku linapojisikia, na maji ya tangi tunayaonea huruma. Ugomvi wangu ulikuwa na yeye. Kila Jumamosi bwana huyo anashika mpira, anaosha gari mpaka tope linafika kwa jirani, kisha anaingia ndani kutusimamia tunavyojisaidia. Nyani haoni kundule.

Choo chenyewe kimepakana na sebule. Kitufe kidogo ukikibonyeza kinalia kidogo, kikubwa kinanguruma, kwa hiyo anayetazama taarifa ya habari anajua ulichoenda kufanya. Siku moja kiliponguruma akaniuliza, "Kikubwa cha nini?" Nikamwambia karibu, ingia ukague. Kwangu hakurudia tena.

Ndipo mama yake akashuka kutoka kijijini kwao Matombo na kikapu chake cha ndizi. Mkojo ulikuwa unamchoma. Daktari wa hapa mjini akampa dawa, akasisitiza anywe maji mengi, la sivyo ugonjwa utapanda kwenye figo.

Kwao kijito kinapita nyuma ya migomba, hakuna aliyewahi kumpimia maji. Alipoingia chooni kwetu mara ya kwanza akabonyeza kikubwa, maana ndicho alichokiona. Mwanawe akapaza sauti toka kwenye kochi, mbele ya rafiki zake waliokuja kutazama mpira: "Mama! Kidogo, mama! Kidogo kinatosha!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto wa kiume anamsikiliza mama yake chooni! Kwetu sisi, mama akiinuka anasema anakwenda uani, basi, hakuna anayeuliza kufanya nini. Alitoka amejitanda khanga mpaka kwenye paji la uso, akapita bila kumtazama mtu.

Wageni walipoondoka nikamwambia mume wangu, "Baba, umemwaibisha mama yako."

"Namwelimisha," akanijibu.

Loo! Anamwelimisha aliyemfundisha yeye kuchamba. Na aliendelea hivyohivyo. Kila mama akifunga mlango wa choo, yeye anapunguza sauti ya televisheni.

Kila asubuhi nilimwekea mama jagi la maji karibu na kiti chake, na kila jioni nilikuta limeisha, nikashukuru. Lakini homa ikaanza, na midomo yake ikapasuka. Asubuhi moja nikamkuta nyuma ya nyumba, anatetemeka, anamwaga jagi zima kwenye shina la mpapai.

"Mama! Unafanya nini?"

"Mpapai wenu umekauka, mwanangu," akasema, akakwepa macho yangu.

Tukampeleka hospitali kwenye gari linalong'aa. Daktari yuleyule akampima, akakunja uso.

"Mama, yale maji niliyokwambia, ulikuwa unakunywa?"

Mume wangu, kwa kiherehere chake, akadakia: "Anakunywa sana, daktari. Jagi zima kila siku, naona mwenyewe."

Mama akageuza kichwa taratibu, akamtazama.

"Nitakunywaje, mwanangu? Nikinywa nitakwenda chooni, na chooni kwako upo wewe."

Daktari akainamia meza yake. Mimi sikumsaidia mume wangu hata kwa kikohozi. Acha impate.

Mama akalazwa, akatundikiwa dripu. Mwanawe akakaa kando ya kitanda, anatazama maji yakimwingia mama yake tone kwa tone. Safari hii hakusema kidogo kinatosha.