Lipu ya Kioo na Taa za Mpwa Wake

Jina la Kioo alijipa mwenyewe, na hilo lisemwe mapema, maana wapo wanaodhani alipewa na wateja. Alikuwa fundi lipu. Kila alipomaliza ukuta wa mtu alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akatangaza, "Tayari! Leta inzi atue hapa. Asipoteleza, nirudishe kwa mama yangu nikanyonyeshwe upya." Inzi hakuletwa hata siku moja. Watu walicheka, wakapaka rangi, wakahamia.

Mafundi wenzake walikuwa na ubao mrefu ulionyooka, wakiuburuta juu ya lipu mbichi ili ukwangue palipozidi na kuonyesha palipopungua. Kioo naye alikuwa nao, ila wa kwake aliukalia wakati wa kula. "Ubao ni wa wasio na mkono," alisema. "Mkono wangu mimi una macho." Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake, huyu bwana aliivuta hadi wengine wakakosa pa kupiga.

Dada yake alikuwa na binti aliyekwenda kujifunza kupamba nyumba kwa taa. Kioo aliposikia, alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwani taa si inawashwa tu, mama?" alimuuliza mpwa wake.

"Mjomba, taa moja katikati ya dari inafanya sebule iwe kama kituo cha polisi. Kila aliyekaa anaonekana mshukiwa. Mimi naishusha. Naweka moja karibu na kiti cha kusomea, moja nyuma ya chungu cha maua, na nyingine nailaza chini kabisa, imegusana na ukuta, ili mwanga upande juu taratibu. Nyumba inataka na kivuli."

"Kwa hiyo watu wanakulipa uwapelekee giza!"

"Kidogo tu, mjomba. La kupima."

Neno hilo la giza Kioo alilitembeza kila jengo alikofanya kazi. Alimtania mpwa wake huku akijivunia, maana binti alikuwa na bidii, tena alimheshimu kuliko alivyostahili. Hilo la kustahili tutalifikia.

Kazi ya kwanza ya maana aliyopata binti ilikuwa sebule ya Mwalimu, mama mmoja mstaafu aliyefundisha nusu ya mji kusoma. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alikuwa anafungua nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinane, na alikuwa amemwomba Mwalimu amtafutie mtu wa taa. Sebule ndiyo ilikuwa mtihani. Ikipendeza, binti ana kazi ya mwaka mzima. Isipopendeza, akauze vocha.

"Nyumba ipi? Ile yenye geti la kijani?" Kioo aliruka. "Mwanangu, ukuta ule niliupiga mimi! Twende, nitakutobolea matundu ya waya."

Aliposema hivyo tu, alikumbuka kwamba ukuta ule aliumaliza kwa nusu siku, maana ghorofa moja upande wa pili wa mji lilikuwa linamsubiri. Akaipuuza kumbukumbu hiyo, akaendelea kujisifu.

Siku mbili walifanya kazi. Kioo alitoboa, binti akavuta waya, na Mwalimu akaletewa hadithi ya inzi mara tatu. Siku ya pili alasiri kila kitu kikawa tayari. Binti akafunga mapazia mazito, chumba kikaingia giza. Mwalimu akaketi kwenye kochi, mikono mapajani, kama anasubiri wimbo wa darasa.

"Nawasha," alisema binti.

Taa ya kiti cha kusomea ikawaka, Mwalimu akatabasamu. Ya nyuma ya maua ikawaka, majani yakachora kivuli chao juu ya dari. "Ah!" alisema Mwalimu, akasogea mbele. Kisha ikawaka ile ndefu nyembamba iliyolazwa chini ya ukuta mkubwa.

Ukuta ukafichua yote. Pale palipokuwa peupe na patulivu palitokea matuta na mabonde, na katikati uvimbe kama tumbo la mlafi. Mikwaruzo ya mwiko ilipishana kama kuku wamechakura. Lilikuwa shamba lililolimwa na ng'ombe mlevi.

Mwalimu akasimama. "Nini hiki?"

Akausogelea ukuta, akaunyooshea kidole.

"Miaka kumi na miwili ukuta huu haujanisumbua. Mmetoboa jana, leo umevimba!"

"Mwalimu, taa haivimbishi ukuta," binti alisema kwa upole. "Ile ya kwenye dari ilikuwa inaupiga usoni, kwa hiyo hapakuwa na kivuli. Hii inapita ubavuni, kwa hiyo inaonyesha..."

Akasita. Aliona neno linalofuata linakwenda kumwangukia nani.

"Inaonyesha nini?"

Binti akaiinamia taa. Mwalimu akamgeukia Kioo. "Fundi, ukuta ni wako. Sema wewe. Ulikuwa hivi?"

Miaka yote ulimi wa Kioo ulizoea kumtangulia, na siku hiyo pia haukumsubiri. "Mwalimu, hizi taa za kisasa zina joto la ndani kwa ndani. Lipu haipendi. Inavimba."

Binti alikuwa ameinama, kiganja chake kiko juu ya taa ile. Ilikuwa baridi kama kijiko. Kioo alikiona kile kiganja. Alisubiri akinyanyue, aseme, "Njoo uguse, Mwalimu." Hakukinyanyua. Hakumtazama hata mjomba wake.

"Nitaziondoa," alisema. "Nisamehe, Mwalimu."

"Afadhali sikuwa nimemtajia jina lako yule mwanafunzi wangu," alisema Mwalimu.

Njiani binti alibeba boksi la taa kifuani. Kioo akanyoosha mikono ampokee.

"Usijali, mjomba, ni jepesi."

Mjomba. Kwa sauti ile ile ya jana, ya adabu. Angemtukana, angalau Kioo angekuwa na la kujibu.

Kesho yake asubuhi alikutana na dada yake dukani. "Ahsante, kaka," dada alisema. "Mtoto kaniambia kazi haikukubalika, lakini ulimsaidia sana." Kioo alisahau alichokwenda kununua. Alirudi nyumbani, akafunga dirisha, akachukua tochi, akailaza kwenye ukuta wa sebule yake mwenyewe.

Mkewe akachungulia. "Umeona mende?"

"Bora ingekuwa mende."

Alizunguka kuta zote nne, zote kazi ya mkono wake, na matuta yakamfuata kona hadi kona. Akafikiria nyumba zote alikorudi nyuma hatua tatu, na wenyewe wamelala humo wakimwamini. Masikio yakamwaka moto, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Mchana huo alibisha kwenye geti la kijani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umesahau drili?"

"Hapana. Nimekuja kusema taa hazina joto. Ukuta ulikuwa hivyo tangu nilipoupiga. Ubao nilikuwa nao, niliukalia."

Mwalimu alimwangalia juu ya miwani, kama anavyoangalia daftari lenye majibu ya kunakili. "Mimi umenidanganya, nimesikia. Lakini uliyemtwika makosa siyo mimi. Kamlete, uyarudie mbele yake."

Akamleta. Njia nzima alijitungia maneno mazuri, na alipofika sebuleni hayakutoka hata moja. "Ni mimi, mama," alimwambia mpwa wake akitazama viatu vyake. "Ukuta ni mimi. Na ule uongo ni mimi."

"Nilijua, mjomba."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesemaje? Wewe ni mjomba."

Jibu hilo alilichukua kama mzigo wa saruji mgongoni. Mwalimu alijipa kazi ya kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, kisha akasema bila kugeuka, "Yule wa nyumba ya wageni nimemwambia asubiri hadi Jumamosi. Aje aone ukuta."

Zilibaki siku nne. Kioo alibandua lipu ya zamani, akachanganya mpya, na ubao mrefu ukafanya kazi yake kwa mara ya kwanza. Binti alifunga mapazia, akachuchumaa na taa mkononi, akailaza ukutani, akawa anaisogeza polepole.

"Hapa, mjomba."

Kioo alikwangua.

"Na hapa."

Alijaza. Hakumtaja inzi. Jasho lilimwingia machoni, na hakujua kama lote ni jasho. Ijumaa jioni alirudi nyuma hatua tatu kwa mazoea, akafumba jicho moja, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akamgeukia mpwa wake.

"Vipi, fundi?" alimuuliza. Hakuwahi kumwita hivyo.

Binti alisogeza taa kutoka kona hadi kona, bila haraka. Katikati akasimama.

"Bado," alisema.

Kioo akaokota mwiko, akarudi ukutani.