Nesi Aliyetushindanisha Kukojoa

Wasomaji wangu, juzi nilipata habari kutoka Karatu kwamba yule nesi mstaafu aliyeniuguza zamani kwenye zahanati moja ya Mbulumbulu amefariki, na wameshamzika. Nilicheka peke yangu, hadi mke wangu akaniuliza kama nimeelewa nilichoambiwa. Nilielewa. Ila marehemu huyu siwezi kumkumbuka nisicheke.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami mwalimu kijana. Nilikula kiporo cha nyama ya harusi, nikaharisha na kutapika hadi macho yakazama na ulimi ukawa kama ngozi iliyoanikwa. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mzee mfugaji kutoka Ngorongoro, hali yake mbaya kuliko yangu. Dripu hazikuwapo, gari la dawa lilikuwa limekwama matopeni. Nesi akachemsha maji, akayapoza, akachanganya sukari na chumvi kwa kipimo, akaja na kikombe na kijiko. Mzee akafumba mdomo.

"Binti, tumbo limetoboka. Unajaza maji ili yamwagike?"

"Baba, nikiacha kujaza utakauka."

"Na kijiko ni cha watoto."

Nesi akamfinya ngozi ya tumbo. Ikabaki imesimama kama mkunjo wa shuka, ishara kwamba maji yamemwishia mwilini. Nikaona uso wa nesi umebadilika. Akanigeukia, akapaza sauti: "Mwalimu, leo mnashindana. Atakayekojoa wa kwanza ndiye mwanamume. Naona mzee ameshashindwa."

Mzee akafumbua macho. "Nishindwe na mwalimu?" Akapanua mdomo.

Basi akanyweshwa kijiko kwa kijiko, huku akinichungulia nimefikia wapi. Akitapika, nesi alingoja kidogo, akaanza tena. Nami nilijitahidi, nisije nikawaaibisha walimu wote wa Tanzania. Jua lilipoanza kushuka, mzee aliinuka, akatambaa na ukuta hadi nje, akarudi amenyoosha mkono juu. "Mwalimu, nimekushinda!" Wodi nzima ikapiga makofi. Nesi, aliyejua kwamba mkojo ukitoka maji yamerudi mwilini, alicheka, kisha akageukia dirishani akafuta machozi.

Siku hizi dripu zipo, nashukuru. Lakini nimewahi kulazwa hospitali kubwa, nikatundikiwa chupa, asitokee wa kuniuliza hata jina. Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mimi nimeona yakimtoa mzee kaburini. Vijana mnaosomea uuguzi, mtu anayeharisha hupoteza maji na heshima kwa pamoja. Mrudishieni vyote viwili.