Kanisa tupu ya Malta

Juzi nilikuwa ku bureau ya paroisse, ofisi ya parokia yetu hapa Butembo, tukingojea padri atie cachet, ile muhuri, ku makaratasi yetu. Secrétaire akaanza kutusomea kitabu kidogo yenye sista mumoja aliacha. Mutu wa Malta, kisiwa ya kule Ulaya, aliiandika kwa kuonesha bageni njia ya vijiji na makanisa ya kwabo.

“Utoke ku kanisa ya kwanza, utembee pole pole mpaka ku kijiji ya pili.”

“Na barrière ya baaskari ya kufunga njia ni ngapi?” papa mumoja akauliza.

Secrétaire akarudia ukurasa kwa kidole. “Hapana andika hata moja.”

Tukacheka. Mimi nikasema mwandishi huyu ni mwongo: njia gani hamuna barrière?

“Siku ya kazi,” secrétaire akaendelea, “utakuta kanisa iko wazi, lakini ndani hamuna mutu.”

Mama mumoja akasimama. Vita ilimufukuza kwabo Eringeti, na sasa analala na batoto yake na bakimbizi bengine bengi ndani ya kanisa yetu ya Mususa, kati ya benchi.

“Hamuna mutu? Hata mumoja?”

“Hata mumoja, mama.”

Akaweka mukono ku kifua. “Aksanti Mungu. Donc, bote bamerudia kwabo.”

Secrétaire akaacha kusoma, akafunga kitabu.

Miaka yote nimelalamika kama kanisa yetu hapana jaa siku ya kazi. Sasa imejaa. Tangu juzi, mimi naomba Mungu tuikute tupu.