Mama muzee na valizi yake katikati ya nyota

Leo nilicheka muntu wa ku série, kisha nikasikia aibu.

Minyi na rafiki yangu Régine tulikuwa kwa Mama Ntumba, mushonaji wa ku soko. Anashona robe ya Régine, sisi tunabishana juu ya série yetu, filamu ya vipande vya kufuatana: bantu benye kufukuzwa ku dunia yabo, sasa banaishi ndani ya chombo katikati ya nyota.

Mule muko mama muzee mwenye kukatala kufungua valizi yake, sanduku ya nguo. Nikacheka, nikasema, "Ule mama iko mujinga."

Mama Ntumba akasimamisha mashini.

"Haiko mujinga," Mama Ntumba akasema. "Wakati sisi bantu ba Kasai tulifukuzwa Likasi, treni ilituacha hapa Kamina. Kila siku mama yangu alisema kesho tutaendelea na safari ya Kasai. Valizi ilibakia yenye kufungwa miaka tano."



Régine akauliza polepole, "Na alifungua lini?"

"Siku nilizaa mutoto wangu wa kwanza. Alitafuta kitenge ya kumufunika."

Akaweka mukasi chini. "Munionyeshe ule mama."

Tukaanza tena épisode ya kwanza, sisi batatu ku telefone moja. Robe haikuisha leo, na Régine hakuiuliza.

Weye mwenye kuangalia série hii, pia ulicheka pale kwa valizi, ao ni minyi tu?