Mshale wa Joto Kwenye Barabara ya Kimuli

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya ushirika pale Kayanga hakunipa hata spana. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanipaka oili vidoleni, akauliza, "Inasemaje?" Nikamjibu ni nyeusi. "Hiyo hata mpita njia angejibu! Isugue. Inateleza au inakwaruza?" Nilikuwa nimevaa shati la kanisani, nikidhani siku ya kwanza ni ya kuandikwa jina tu. Jioni mama yangu alilitazama lile shati akaguna. Tangu hapo hadi nimestaafu majuzi, sijawahi kuamini injini kabla ya kuigusa oili yake.

Ninyi vijana mnaangalia joto la maji tu. Maji yakiwa sawa, mnakanyaga mafuta. Jamani! Oili ndiyo inayopita kati ya vyuma vinavyosuguana. Inachelewa kupata moto, na ikishapata inachelewa kupoa. Joto likizidi inakuwa nyepesi mno, vyuma vinagusana, na injini inaanza kujila yenyewe.

Kutoka Kayanga nilihamishiwa karakana ndogo ya Nkwenda, upande wa Kyerwa, na huko nikapanda mpaka nikawa Fundi Mkuu mwenyewe. Msimu wangu wa mwisho nililifungia lori letu la kahawa rejeta ndogo ya oili, ambayo halikuja nayo kutoka kiwandani. Ina mapezi kama rejeta ya maji. Oili inatoka kwenye injini kwa mpira, inapita humo ikipigwa na upepo, inarudi imepoa. Niliifunga chini, nyuma ya bampa, upepo unapoingia vizuri, na kwenye dashibodi nikaweka geji yake. Nikamwelekeza dereva: mshale ukicheza kati ya nyuzi tisini na mia na kumi, endelea na safari yako, ukikaribia mia na thelathini, simama.

Dereva alikuwa Ta Bishanga, kwetu ni kama kusema Mzee Bishanga, mtu mpole, mwendo wake hauna papara. Kwenda Kimuli kuchukua kahawa, mshale ulitulia. Kurudi na mzigo, ukapanda mpaka akalazimika kusimama njiani. Safari iliyofuata, vilevile. Bwana Usafirishaji, mkuu wetu wa magari, akaja karakana amefura.

"Fundi, hiki kidude chako ni kibovu?"

"Si kibovu. Nimekikagua chote."

"Basi ni dereva. Anapanda milima na gia kubwa, anaiua injini. Joto likipanda tena, Bishanga akabidhi ufunguo."

Iliniuma sana. Ta Bishanga alikuwa anasomesha watoto, na lori lile ndilo lililokuwa kazi yake. Nikasema safari ijayo nakwenda naye.

"Nenda," akasema Bwana Usafirishaji. "Lakini uje na jibu, usije na huruma."

Tukapakia Kimuli, magunia mpaka juu, turubai likakazwa. Nilikaa kiti cha abiria, macho kwenye geji. Kwenye kile kilima kirefu Ta Bishanga alishusha gia mapema, taratibu, kama inavyotakiwa, na mshale haukupita mia na tano. Mzigo ni uleule, mlima ni uleule, joto hakuna. Nikachanganyikiwa kabisa.

Tulipomaliza kilima akapunguza mwendo. Bibi mmoja, Ma Koku, alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, na mkungu wa matoke uko chini mbele yake. Huku kwetu anayekubebea kahawa yako humwachi aondoke mikono mitupu.

"Shikamoo, Ma Koku."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe leo una mgeni! Mbona hukusema? Ningekata miwili."

Ta Bishanga alishukuru, akazunguka mbele, akaufunga ule mkungu kwenye bampa kwa kamba za mgomba. Nyuma usingewekwa, maana ndizi mbichi zina unyevu na kahawa kavu haitaki unyevu. Ndani nako Bwana Usafirishaji alishapiga marufuku, utomvu usije ukachafua viti. Tukaondoka. Barabara tambarare, na mshale ukaanza kupanda. Mia na kumi na tano. Mia na ishirini.

"Simama! Simama, Ta Bishanga!"

Nikaruka chini. Mkungu ulikuwa umeiziba rejeta yangu yote, upepo haupiti hata wa kupoza kikombe cha chai. Miaka yote alifunga mikungu palepale bila madhara, kwa sababu rejeta ya maji iko juu. Nilicheka mpaka nikakaa kando ya barabara. Mwenzangu hakucheka.

"Kwa hiyo nimwambie yule bibi arudishe ndizi zake nyumbani?" akauliza. "Hapana, Fundi. Bora nikabidhi ufunguo."

Na hakuwa anatania. Tukauweka mkungu miguuni pangu, na mshale ukarudi mahali pake kabla hatujafika Nkwenda.

"Yaani ndizi?" Bwana Usafirishaji aliuliza.

"Ndizi, mkuu. Na wewe ndiye uliyezifukuza ndani. Sasa dereva wetu akianza kukataa zawadi za wakulima, msimu ujao kahawa yao itapanda lori la nani?"

Akakuna kidevu. "Ziwekwe ndani. Lakini zitandikiwe!" Ta Bishanga akabaki na ufunguo wake. Radhi hakuombwa, na mimi hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Sasa niko kibanjani kwangu Nyakakika. Mafundi vijana wananipigia simu: "Shikamoo mzee, geji inasoma juu, nibadilishe sensa?" Nawaambia kabla hujalegeza nati hata moja, panda hilo gari, safiri nalo, uone linaishije na watu wake. Wengine wanakimbilia kununua sensa. Shauri yao.

Juzi nikasikia honi ninayoijua. Ta Bishanga alikuwa anapeleka kahawa Kayanga, akapinda njia kuja kunisalimu. Kwa mazoea nikazunguka mbele kwanza: bampa tupu, rejeta inapumua. Nikafungua mlango wa abiria. Kwenye kiti changu, juu ya gunia safi, ulikaa mkungu mkubwa, umefungwa mkanda.

"Wa Ma Koku," akasema Ta Bishanga. "Anasema ndio ule wa pili."